Je, Wajua? Mlango Umefungwa, Lakini Umekomewa?

Karakana ya aluminiamu pembezoni mwa Kahama, saa saba mchana, bati linalia kwa joto. Fundi amesimamisha mlango wa slaidi kwenye fremu ya majaribio, kioo chake bado kina stika za kiwandani. Juu ya fremu amebandika vidude viwili vyeupe, kimoja kikubwa kama kiberiti, kingine kama kipande cha chaki kilichokatika. Anausukuma mlango. Simu yake inatoa mlio, na kwenye skrini inatokea picha ya kufuli la kijani. Ananipa simu niishike. Kisha anaurudia mlango na kuuvuta kwa kidole kimoja. Unateleza mpaka mwisho wa reli.

"Umeona, mama? Simu haijasema uongo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nani amekwambia ulikuwa umekomewa?"

Aliyechora kufuli la kijani kwenye programu ile angepaswa kuwepo pale. Picha ya kufuli ni ahadi, na kidude kile hakikuwahi kuligusa kufuli lolote.

Fedha ya dhahabu hujenga haraka, na siku hizi hujenga kwa kioo. Sebule yenye mlango mpana wa slaidi unaofunguka barazani ndiyo ramani ambayo kila fundi wa ukanda huu ameshaombwa, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro. Pamoja na kioo hufuata hofu, na hofu hufuatwa na muuzaji wa vihisi. Kabla hujatoa pesa, haya hapa ni mambo machache niliyoyakusanya, mengine ya ufundi, mengine ya porojo zenye ukweli ndani yake.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina hatua nyingi za kufunga mlango kuliko kihisi chako? Kihisi cha kawaida kinajua mambo mawili: wazi, kufungwa. Bibi yako anajua zaidi. Akikuambia rudishia mlango, anataka uusogeze tu, kuku wasiingie. Akisema egesha, uache upenyo. Shindika ni jani liguse fremu, lakini bila komeo wala ufunguo. Komea ni kupitisha komeo lenyewe, na kinyume chake ni komoa. Juu ya hayo kuna kutia kufuli, neno tulilolipata kwa Waarabu. Neno legevu kuliko yote ni funga, kwa kuwa laweza kumaanisha lolote kati ya hayo, na ndilo tunalolitumia tunaposoma ujumbe wa simu. Kwa hiyo kihisi kinapotangaza kuwa mlango "umefungwa", kwa Kiswahili cha bibi kinasema umeshindikwa. Ni habari njema kwa mwenye kuku.

Tukiwa bado kwenye maneno: mafundi wengi hukiita kidude hicho sensa. Ni neno lilelile la kuhesabu watu. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu karibu milioni 3 mkoani Geita, na ukimwambia mzee wa kijijini kwamba umeweka sensa mlangoni, ana haki ya kukuuliza makarani wamefuata nini tena. Mimi nitaendelea na kihisi.

Je, wajua kilichomo ndani ya kihisi hicho? Ukipasua kile kidude kikubwa utakuta betri bapa kama sarafu, redio ndogo, na kijibomba cha kioo chenye urefu wa sentimita moja na kitu. Ndani ya kijibomba mna vibanzi viwili vya mchanganyiko wa nikeli na chuma, ncha zake zikitazamana bila kugusana, zikiwa zimepishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa kucha. Kile kidude kidogo hakina kitu ila sumaku. Mlango ukifika, sumaku inavifanya vibanzi navyo kuwa sumaku kwa muda. Vinavutana, vinagusana, umeme unapita. Mlango ukiondoka, vinaachana. Hakuna zaidi ya hapo. Wazo la swichi ya namna hiyo lilitolewa mwaka 1922 na Valentin Kovalenkov, profesa wa mjini Petrograd, Urusi, na mwaka 1936 Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, akalipa umbo la kijibomba cha kioo tunalolijua leo, kwa ajili ya mitambo ya simu. Mwaka huohuo wa 1936, mgodi wa zamani wa Geita ulianza uzalishaji uliodumu hadi 1966. Watu wasiojuana, kazi mbili zisizohusiana, na sasa zimekutana kwenye mlango wako wa barazani.

Zimekutana kweli. Umeme unaopita kwenye kihisi cha betri ni kidogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za ampea. Umeme mkubwa hupasua utando mwembamba wa kutu unaojitokeza kwenye chuma. Huu mdogo hauna ubavu huo. Ncha za vibanzi zikishika kutu hata ile isiyoonekana kwa macho, kihisi kitaapa kwamba mlango u wazi hata kama umeujengea tofali. Ndiyo maana ncha hizo hupakwa madini yasiyo na mzaha na hewa: rodiamu, rutheniamu, na katika aina nyingine dhahabu. Unene wa pako hilo hupimwa kwa mikroni, kwa hiyo usimwambie mchimbaji yeyote wa Nyarugusu avunje vihisi ili achenjue, atakula hasara. Lakini si ajabu kabisa kwamba chembe iliyotoka chini ya ardhi ya Geita imezunguka dunia na kurudi nyumbani ndani ya kijibomba cha kioo, ikilinda sebule ya mtu aliyeichimba.

Na kwa kuwa tumetaja sumaku: haivuti dhahabu. Wachimbaji wadogo hawakuhitaji darasa kulijua hilo. Mchanga mzito uliobaki baada ya mwalo husogezewa sumaku, ule mweusi wenye chuma unarukia sumaku kama siafu, na kinachobaki kwenye karai ndicho kinachotazamwa na macho mengi.

Je, wajua kwamba Msukuma hahusiki na kusukuma? Kwa lugha yao, sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Ni jina la upande, walilopata wakitazamwa kutoka kwa jirani zao Wanyamwezi. Nalisema kwa sababu mlango wa slaidi kwa Kiswahili cha kawaida ni mlango wa kusukuma, na utani unaofuata hapo kila fundi wa Shinyanga ameshausikia mpaka umemchosha.

Turudi kwenye kukomea, yaani kwenye loki. Mlango wa bawaba hukomewa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu la fremu kwa kwenda mbele. Slaidi haiwezi hivyo, kwa sababu njia ya ulimi ndiyo njia ya mlango wenyewe. Mwizi angeuvuta tu, ulimi ukatoka ulivyoingia. Ndiyo maana slaidi hutumia ndoano. Ukishusha kishikizo, ndoano inachomoza kutoka kwenye ubao wa mlango, inaingia kwenye tundu, kisha inapinda na kung'ang'ania kwa nyuma. Ndoano ikishika, mlango haurudi. Ikikosa kushika, una kioo kilichosimama mahali pake kwa heshima tu.

Adui mkubwa wa ndoano hiyo katika ukanda wetu si mwizi. Ni vumbi. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, na wenyeji wakarudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lipumzike. Miti imerudi sehemu nyingi. Vumbi la barabara za malori halijasikia habari hiyo. Linaingia kwenye reli ya chini, linachanganyika na mafuta ambayo mtu alipaka akidhani anasaidia, linakuwa tope gumu. Mlango unasimama milimita tatu kabla ya mwisho. Kwa macho umefika. Unashusha kishikizo, ndoano inagonga ukingo wa tundu badala ya kuingia, kishikizo nacho kinashuka kama kawaida, unakwenda kulala.

Na kihisi? Vihisi vingi vya sumaku vinakubali nafasi ya sentimita moja au mbili kati ya vipande viwili, ili visipige kelele kila mlango unapotikiswa na upepo. Milimita tatu kwake ni sawa na sifuri. Kufuli la kijani linawaka.

Joto nalo lina sehemu yake. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma: mita moja huongezeka kama mikroni 23 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua ubao wa mlango wenye urefu wa mita mbili uliopigwa jua la Kahama mpaka ukazidi baridi ya alfajiri kwa nyuzi 30. Tofauti ni karibu milimita moja na nukta nne. Ndogo, ndiyo, lakini tundu la ndoano halina nafasi kubwa kuliko hiyo pande zake. Fundi aliyepima loki saa nane mchana amepima mlango mwingine kabisa na ule utakaoukomea saa nne usiku. Fundi wangu wa Kahama huacha tundu likiwa refu kidogo juu na chini, na hupiga msasa kingo zake. Hakusoma hesabu hiyo mahali popote. Alichoka kuitwa na wateja.

Kuna jambo moja ambalo aluminiamu inakusaidia: haisumbui sumaku. Geti la chuma hunywa nguvu ya sumaku kama mchanga unywavyo maji, na kihisi kilichofanya kazi vizuri kwenye mlango wa mbao kinakuwa kiziwi kikibandikwa kwenye chuma. Hali kadhalika grili ya nondo iliyo karibu mno. Kwa geti la chuma kuna vihisi vya aina yake, vyenye sumaku nzito na nafasi pana. Ukiuziwa kile cha mlango wa ndani kwa ajili ya geti, umeuziwa pambo.

Sasa swali lenyewe: kinachojua mlango umekomewa ni nini? Ni kile tu kinachoguswa na komeo. Wajerumani wana swichi maalumu inayofichwa ndani ya tundu la komeo kwenye fremu. Komeo likiingia mpaka mwisho linaibonyeza; lisipofika haibonyezwi. Na wameiunganisha na kengele ya nyumba kwa namna ya ukali kidogo: kengele inakataa kuwashwa mpaka kila komeo la nje liwe limeingia. Mwenye nyumba anayetaka kusafiri na mlango wa nyuma haujakomewa anabaki amesimama uani na begi lake, akibishana na ukuta. Naupenda ukali huo.

Slaidi nyingi zinazouzwa kwetu hazina tundu lenye nafasi ya kuficha swichi kama hiyo, kwa hiyo watu hubuni. Njia ya kwanza ni kuhamisha sumaku. Badala ya kuibandika kwenye ubao wa mlango, unabandika sumaku ndogo kwenye kishikizo cha loki chenyewe, na kihisi pembeni yake, pale kishikizo kinapokuwa kimeshuka. Sumaku hizo ndogo zenye nguvu kubwa, za neodimiamu, zilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mikono ya watu wawili kila mmoja kwake, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, Marekani. Njia ya pili ni kihisi cha mwinamo, ndugu wa kile kinachogeuza picha kwenye simu yako unapoilaza. Kinabandikwa kwenye kishikizo na kusoma kama kimesimama au kimelala. Njia zote mbili zina kasoro ileile, nawe umeshaiona: zinajua kishikizo kiko wapi, hazijui ndoano imeshika nini. Kishikizo chaweza kushuka na ndoano ikawa imegonga ukingo. Dawa ni kutumia vyote viwili, kimoja cha kishikizo na kimoja cha mlango, na hicho cha mlango kikae mahali ambapo kinaitikia milimita ya mwisho kabisa, si sentimita ya mwisho. Hapo ukiambiwa kumekomewa, kuna uwezekano mkubwa kumekomewa.

Kuna na njia ya tatu, ya maskini na ya tajiri mwenye akili: fimbo. Kipande cha nondo au cha mbao ngumu kilicholazwa kwenye reli ya chini, nyuma ya mlango, kikijaza nafasi yote. Hata ndoano ikikosa, mlango hauendi popote. Fundi alinionyesha wa kwake. Fimbo ya mninga, urefu wa kama mita moja, ncha moja imepigwa shimo na kuzamishwa sumaku ndani yake. Kihisi kiko kwenye kona ya fremu chini. Fimbo ikilala mahali pake, simu inasema ndiyo. Ikiegeshwa ukutani, simu inasema hapana. Gharama ya kuongeza akili kwenye fimbo ni sumaku moja na gundi. Nilimuuliza kwa nini haliuzi wazo hilo. "Mteja aliyelipa mlango wa kioo hataki kuona fimbo, mama. Ameihama nyumba yenye fimbo."

Lakini usidhani ukanda huu ulisubiri sebule za kioo ndipo ukutane na vihisi vya kufuli. Simama Isaka, wilayani Kahama, palipo na bandari kavu kwenye reli ya kati, utazame malori. Mizigo ya Rwanda na Burundi hupita humo na kushika barabara ya Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, hadi Rusumo au Kabanga. Kwenye mlango wa kontena la mzigo wa kupita njia utaona kidude kizito cha plastiki na chuma, ukubwa wa kama kandambili. Hiyo ni lakiri ya kielektroniki, sehemu ya mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa kufuatilia mizigo ya kupita njia. Ndani mna kipokezi cha setilaiti cha kujua mahali, laini ya simu ya kutuma taarifa, na waya au fito ya chuma inayopita kwenye vishikizo vya mlango. Ikikatwa au ikifunguliwa mahali pasipo pake, ujumbe unaondoka. Kenya, Uganda na Rwanda nazo ziliunganisha mfumo wa namna hiyo wa nchi zao mwaka 2017.

Tazama tofauti yake na kidude cha sebuleni. Kontena lina fito za kukomea zilizosimama wima, kwa kawaida nne, na vishikizo vinavyolazwa juu ya ndoano zake. Lakiri haiulizi kama majani ya mlango yamegusana. Imepita kwenye tundu la kishikizo, pale komeo lilipo, kwa hiyo haliwezi kukomolewa bila yenyewe kujua. Hata zile za kawaida zisizo na umeme, za msumari wa chuma unaopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 17712, zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Lakiri haikusudiwi kumshinda mwizi mwenye mkasi mkubwa. Kazi yake ni kumshitaki.

Mwaka 2017 nchi nzima ilisimama kuangalia milango ya makontena. Makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ya Kahama, yalizuiwa Dar es Salaam, na neno makinikia likatoka kwenye karatasi za wahandisi likaingia vijiweni. Ubishi haukuwa juu ya kama milango ilikuwa imekomewa. Ilikuwa imekomewa vizuri sana. Ubishi ulikuwa juu ya kilichokuwa ndani, na hakuna lakiri duniani inayojibu swali hilo.

Vyumba vya dhahabu vya migodi mikubwa, mahali ambapo dhahabu huyeyushwa na kumiminwa kuwa matofali, hutumia hila nyingine ya zamani ambayo mabenki nayo huitumia: milango miwili yenye kijumba katikati. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge na ukomewe. Hapo kihisi kisichojua tofauti ya kushindika na kukomea hakiwezi kuajiriwa hata siku moja.

Je, wajua kwamba mtandao wa vihisi unafanya kazi kama sungusungu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya Kahama na Shinyanga viliunda ulinzi wao. Chombo chake kikuu kilikuwa yowe, kwa Kisukuma mwano. Aliyeibiwa anapiga yowe, jirani anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, kijiji hadi kijiji, mpaka mwizi akute njia zote zina watu. Serikali iliutambua ulinzi huo kwa marekebisho ya sheria ya mgambo mwaka 1989. Sasa chukua Zigbee, lugha ya redio inayotumiwa na vihisi vingi vya nyumbani. Kihisi cha mlango hakina nguvu ya kupiga kelele mbali. Kinamwambia aliye karibu, labda taa au soketi ya ukutani yenye redio, naye anapokeza, mpaka habari ifike kwenye mtambo mkuu. Jina lenyewe limetokana na ngoma ya nyuki, ile ya kuyumbayumba ambayo nyuki huwachezea wenzake kuwaonyesha maua yaliko. Warina asali wa Bukombe hawatashangaa.

Udhaifu wake pia ni wa sungusungu. Wapokezi wakilala, yowe linafia njiani. Vihisi vya betri havipokezi habari za wenzao. Kazi hiyo hufanywa na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme. Umeme wa TANESCO ukikatika, taa na soketi zinazimika, na kile kihisi cha mlango wa nyuma, kilicho hai kwa betri yake, kinabaki kikipiga yowe peke yake gizani. Kama huna betri ya akiba kwenye mtambo mkuu na angalau mpokezi mmoja, ulinzi wako unakwenda na LUKU. Kwa nyumba nyingi za kwetu kengele ya laini ya simu, inayotuma ujumbe mfupi na yenye betri yake ndani, ni chaguo la busara kuliko mfumo wa intaneti wenye madoido, ilimradi laini isajiliwe kwa jina lako na iwe na salio.

Kuhusu betri, hesabu hii itakufaa. Betri ya sarafu ya aina ya CR2032 hubeba takriban miliampea-saa 220. Kihisi kilicholala hutumia wastani wa kama mikroampea 10. Gawanya, utapata saa 22,000, yaani miaka miwili na nusu. Nzuri. Ubaya unakuja betri inapokufa, kwa sababu mifumo mingine hukumbuka neno la mwisho la marehemu. Kama kihisi kilikata roho mlango ukiwa umefungwa, simu itaendelea kuonyesha umefungwa, wiki nzima, mwezi mzima, mlango ukiwa wazi na paka wa jirani ameshazaa chini ya kochi. Mfumo wa maana hudai kihisi kiripoti kila baada ya muda hata kama hakuna lililotokea, na kikinyamaza hukutangazia kuwa kimenyamaza. Hilo ni swali la kumuuliza muuzaji. Wengi wao, kwa niliowauliza mimi, huanza kuzungumzia rangi zilizopo.

La sheria kwa ufupi: kifaa chochote cha redio kinachoingizwa nchini kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na TCRA. Na kihisi kinachoandika saa unazotoka na kurudi kinakusanya taarifa zako, na za dada wa kazi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu mambo kama hayo, na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Anayejua mlango wako ulikomewa saa ngapi anajua pia ulikuwa haupo saa ngapi.

Nilipoondoka karakanani fundi alikuwa akipangusa reli kwa brashi ya rangi, kavu, bila tone la mafuta. Ndiyo huduma anayowaambia wateja wote, na ndiyo wasiyoifanya. Nawe ukienda dukani, acha kumuuliza muuzaji kama kihisi chake kinajua mlango umefungwa. Muulize kinagusa komeo wapi. Akikujibu kwa kukuonyesha picha ya kufuli la kijani, mshukuru, kanunue fimbo.